Fingo la Mtani

Ukiwauliza watu wa Kilole Mhina wa Mwinjuma alikufa vipi, hata leo wapo watakaokuambia alirogwa na mkewe. Nimebishana nao sokoni mpaka nimechoka. Mimi nilikuwa jirani yake wa mlango wa pili, ni Mzigua kama yeye, na mikono yangu ndiyo iliyompiga kwa mchi ili akiachie kile chuma. Kwa hiyo nitasimulia mimi, na asiyetaka kunisikiliza aende akawasikilize wale walioyapata kwa kuambiwa.

Nyumba ile ilijengwa na Mgiriki wa shamba la mkonge, zamani za Waingereza. Baada ya Azimio la Arusha, mashamba yalipokuwa mali ya umma, Mgiriki alifunga virago akaondoka na mbwa wake, akaacha kila kisichobebeka, pamoja na jiko la umeme kubwa kama kabati. Wakapita humo mabwana wawili watatu waliokuja na kuhamishwa. Mwaka ule wa operesheni ya vijiji ndipo alipopewa Mhina, karani wa stoo ya shamba. Sisi wa nyumba za safu, wenye kuwasha vibatari, tulimtania kwamba sasa amekuwa Mgiriki mweusi.

Mhina alikuwa mtu wa kucheka. Mkewe Yuditha alimpata sokoni Korogwe, akiuza kabichi na maharage ya milimani. Alikuwa Msambaa, Mkristo, mwanamke wa maneno machache na mkono mwepesi wa kazi. Ndoa ile ilinung'unikiwa pande zote mbili, juu milimani na huku chini, lakini wenyewe walipendana na hawakuficha. Walizaa binti mmoja, wakampa jina la mama yake Mhina, Zamda. Bibi akawa anamwita mjukuu wake somo, kama watu wenye jina moja wanavyoitana, na sote mtaani tukamzoea kwa hilo hilo la Somo.

Bibi Zamda mwenyewe alikuja kukaa na mwanawe mwaka huo huo. Kwao ni Kwedizinga, upande wa Handeni. Operesheni ilipofika, walitolewa kwenye maboma yao ya zamani wakapangwa kwa mistari kando ya barabara. Wengi walilia nyumba zao, wengine mashamba, wengine makaburi. Bibi Zamda alililia fingo. Kwetu mtu akijenga boma humwita mjuzi amfukie dawa ya kinga langoni au penye pembe ya nyumba, na hiyo dawa ndiyo fingo. Linamjua mwenye nyumba na damu yake. La marehemu mumewe lilibaki kule kwenye magofu, kwa sababu aliyelifukia alikwisha kufa na hakuna aliyejua namna ya kulihamisha. Alikuwa akiniambia tukipepeta unga wa yanga, ule wa msaada, kwamba anajiona kama mtu aliyetoka nje bila nguo. Sikumcheka, kwa maana na mimi nimelelewa hivyo hivyo.

Nyumba ya Mgiriki hakuipenda. Kubwa zaidi, hakupenda alivyomkuta mwanawe humo. Mhina alikuwa akimbeba Somo mgongoni barazani mchana kweupe. Siku nyingine nilimwona anasuuza vyombo huku Yuditha amekaa anachambua mchele. Kwetu mwanamume akimsikiliza mkewe husemwa amelishwa kitu, na bibi alikuwa akitafuta hicho kitu kwa macho tangu wiki ya kwanza. Alimpenda mwanawe kupita kiasi, maana ndugu zake Mhina wote walikufa wadogo, na mtu mwenye jicho moja hachezi na mchanga.

Taa za nyumba zilikuwa zikiwaka na kuzima zenyewe, basi Mhina akamwita Kaleb, fundi wa umeme wa shamba, aje kuzikagua. Kaleb alikuwa Msambaa pia. Alimwamkia Yuditha kwa lugha yao, akampa Bibi Zamda shikamoo, kisha akaanza kuzunguka nyumba na Mhina nyuma yake. Nilikuwapo uani, nimeleta kinu tutwange pamoja, na bibi alikuwa kwenye mkeka anamenya kunde.

Yule fundi alipenda kazi yake, tena alipenda kuisema. Alimwonyesha Mhina kisanduku cheusi cha chuma kwenye ukuta wa baraza ya uani, chenye mkono wa chuma ubavuni, akasema hiyo ni meni swichi, ya kuzimia umeme wa nyumba nzima, ya kabla ya vita, na kwamba huko mjini zinang'olewa. Chini yake palikuwa na vikombe vya kauri vya fyuzi. Alichomoa kimoja akakuta mmoja wa wale mabwana waliopita ameweka msumari mahali pa waya mwembamba unaopaswa kukatika umeme ukizidi, akautupa, akasema mtu huyo alikuwa na bahati ya kuhamishwa mapema. Nyaya nazo hazikuvikwa mpira ila madini ya risasi, nazo zilipita ndani ya mabomba ya chuma kutoka chumba hadi chumba. Alisema zote zingefaa kubadilishwa, lakini vifaa hakuna, na wakati ule neno hakuna ndilo lililokuwa limejaa madukani.

Halafu wakafika kwenye pembe ya nyumba, karibu na bafu. Kutoka kwenye kile kisanduku ulishuka waya wa shaba mtupu, umeota kutu ya kijani, ukaenda ukutani mpaka chini, ukaishia kwenye fimbo ya shaba nene kama kidole gumba iliyozama ardhini. Kichwa tu ndicho kilichoonekana. Mhina akauliza hilo dude ni la nini.

Hapa ndipo ninapotaka mtu anisikilize vizuri. Wazigua na Wasambaa ni watani. Mtani anaweza kukuvua kofia msibani, akakuambia maiti wako alikuwa mlafi, na wewe huruhusiwi kukasirika. Kaleb alikuwa na mtani wake mbele yake, mke wa mtani ni dada yake wa milimani, na swali lenyewe lilikuja limeiva. Angewezaje kuliacha?

"Hilo ni fingo letu Wasambaa," akasema. "Likikaa hapo, Mzigua humu ndani hana sauti."

Mhina alicheka mpaka akashika ukuta. Akajibu kwamba ndiyo maana siku hizi anasuuza vyombo. Yuditha naye, mlangoni, alicheka huku ameziba mdomo kwa upande wa kanga. Na mimi nilicheka. Bibi Zamda aliinuka na ungo wake wa kunde akaingia ndani, nami nikadhani jua limemzidi.

Kwa hiyo hakusikia yaliyofuata. Kaleb aliacha mzaha akamweleza Mhina vizuri. Alisema umeme ukipotea njia, waya ukichakaa ukagusa jiko au bomba, hutafuta pa kwenda ardhini. Fimbo hii ndiyo inayoufungulia njia. Vyuma vyote vya nyumba, jiko, mabomba na kile kisanduku, vimeungwa kwenye waya huu mmoja. Fimbo ikiondoka, vyuma vyote vinabaki na umeme usio na pa kushukia, na wa kwanza kuvigusa akiwa amekanyaga chini ndiye atakayekuwa njia. Mafundi wanaiita erthi. Mhina akaitikia kwa kichwa, akamtuma mkewe alete chai.

Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, na sisi tunalisema neno hilo kila siku bila kulisikia.

Bibi Zamda hakumwambia mtu kitu. Alikwisha kusikia kwa masikio yake, kutoka kinywani mwa Msambaa, kwamba kuna fingo la kigeni kwenye pembe ya nyumba ya mwanawe, na alimwona mkwewe akilichekea. Alingoja siku ambayo Yuditha alikwenda na Somo kupanga foleni ya sukari, Mhina yuko kazini. Akachukua jembe na panga. Ule waya ulikuwa wa miaka mingi, haukumsumbua. Fimbo ilimpa kazi, maana Mgiriki aliizamisha hasa, lakini huyu ni mwanamke aliyelima maisha yake yote. Aliitoa, akaifunga kwenye kipande cha kaniki, akaificha chini ya kitanda chake angojee mjuzi wa kuaminika kutoka Kwedizinga aje aizimishe nguvu. Shimo akalifukia, akapanda mchaichai juu yake, na pipa la maji ya mvua akalisogeza mbele ya ule waya uliokatika. Hayo yote tulikuja kuyajua baadaye, kwa maneno yake mwenyewe.

Kwa muda hapakutokea jambo. Kisha Yuditha akaanza kulalamika kwamba jiko linang'ata. Akishika sufuria anahisi kama sisimizi wanamtambaa mkononi, na siku moja bomba la ukutani nalo lilimng'ata. Mhina akapeleka salamu kwa Kaleb, lakini Kaleb alikuwa Kerenge kwa kazi nyingine. Alijibu kwamba wasiliguse jiko mpaka arudi. Wakatii, wakarudi kwenye mkaa. Bibi Zamda aliponisikia nikilitaja hilo alitabasamu, akaniambia kitu kikitolewa mahali pake husumbua kidogo kabla ya kufa. Nilidhani anazungumza juu ya jino, maana alikuwa na jino lililomsumbua.

Mvua ilinyesha kutwa nzima siku ile, mkaa ukalowa. Somo alikuwa na homa na hakuwa ametia kitu tumboni. Alasiri Yuditha akasema potelea mbali, nitawasha jiko la Mgiriki mara moja tu, uji uchemke, nizime. Mhina alikuwa bafuni anatia udhu. Nilikuwa kwangu natwanga, nikasikia sufuria imeanguka na Yuditha anamwita mumewe, anamwambia jiko limempiga, asiliguse, akazime ukutani.

Alifanya alivyoambiwa. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko yote. Hakuligusa jiko. Alitoka bafuni na miguu mitupu, maji ya udhu yakimchuruzika, akaenda moja kwa moja kwenye kisanduku akashika ule mkono wa chuma azime, kama mtu mwenye akili anavyopaswa kufanya.

Nilipofika alikuwa amesimama wima, ameshika chuma, meno yameumana, na Yuditha anakimbilia kumvuta. Sikujua lolote la umeme. Nilimsukuma Yuditha kwa bega na nikampiga Mhina mkononi kwa mchi kwa sababu mchi ndio niliokuwa nao. Nilipiga tena na tena mpaka mkono ukaachia akaanguka. Alikuwa ameshakufa. Bibi Zamda alitoka ndani, akamwangalia mwanawe sakafuni, kisha akamwangalia Yuditha, na hakulia. Alisema tu, kwa Kizigua, kwamba wamemlipizia.

Walioandika cheti cha kifo waliandika umeme, tukamzika pale Kilole, na nyaya zikakatwa kwenye nguzo. Kaleb aliporudi kutoka Kerenge alikuja kutoa pole, akazunguka nyuma, akalisogeza pipa. Nilimwona akikaa kwenye matope kama mtoto. Alimwambia Yuditha kwamba erthi imekatwa na fimbo haipo. Wote wawili wakadhani ni wezi wa shaba, kwani walikuwapo siku zile. Yuditha akaanza kukaa eda ya mumewe ingawa dini yake haikumtaka, akapika chakula na kahawa ya wageni, na katika wageni hao wengi walikuwa wakichunguza vikombe kabla ya kunywa.

Maneno yalikuwa yameshaenea. Kila mtu alikuwa na swali lile lile: umeme uko mpaka stesheni, uko hospitali, uko kwa Wahindi, kwa nini umchague Mhina peke yake? Mtu akishauliza hivyo, jibu analo tayari.

Baada ya arobaini ukoo ukakaa barazani kwenye nyumba ile ile. Aliyekuja kutoka Kwedizinga kuongoza ni Mbaruku, baba mdogo wa Mhina, mzee mrefu, mkavu, mwenye kauli nzuri. Upande wa Yuditha alishuka kaka yake Simeo peke yake, maana wazazi walikwisha kufa. Kaleb alikuja kwa kuitwa na Yuditha. Wanawake tulikaa ndani ya mlango. Shauri lilikuwa moja, nalo kila mtu alilijua: Somo atakwenda wapi. Mbaruku alisema mtoto ni wa Mwinjuma, ni Mwislamu, hawezi kwenda kulelewa kwenye kengele za kanisa, tena na mwanamke ambaye mikono yake haijulikani kama ni safi. Ikithibitika si safi, ataondoka na nguo zake, na mtoto atakwenda Kwedizinga na bibi yake.

Yuditha alikuwa amempakata Somo aliyelala. Alisema jambo moja tu, kwamba hakumfanyia mumewe ubaya wowote, na kwamba wakimnyang'anya mtoto watakuwa wamemzika na yeye.

Hapo Bibi Zamda akaomba nafasi. Aliingia chumbani akatoka na kaniki yake, akaiweka katikati ya mkeka mbele ya Mbaruku. Alisema bila kutetemeka, tena kwa fahari, kwamba yeye ndiye aliyelichimbua fingo la Wasambaa, kwa jembe lake, ili kumwokoa mwanawe, ila amechelewa. Wenye fingo walijua limetolewa wakammaliza. Watu wakaguna. Nilimtazama Yuditha. Macho yake yalikuwa kwenye kile kifurushi, na nikaona anaelewa, na nikaona pia kwamba angependa asielewe.

Kaleb alisogea akafungua kaniki. Wazee wakarudi nyuma kidogo. Ndani palikuwa na fimbo ya shaba yenye udongo mkavu na kipande cha waya wa kijani kimening'inia. Aliishika kwa mikono miwili na akaeleza, polepole, yale yale aliyomweleza Mhina: njia ya kwenda ardhini, vyuma vilivyoungwa pamoja, na kinachotokea fimbo ikiondoka. Hakuweka mzaha hata kidogo. Alipofika kwenye mkono wa chuma na maji ya udhu aliirudisha fimbo kwenye kaniki.

Bibi Zamda alikuwa akimtazama mdomo.

"Ulisema ni fingo," akamwambia. "Nilikusikia."

"Bibi, nilikuwa namtania."

"Hukusema ni utani."

"Mtani husema vipi ni utani, bibi? Alijua. Sote tulikuwa tunacheka."

"Mimi sikucheka," akasema Bibi Zamda.

Kaleb akainamisha kichwa. Akasema kwamba kosa ni lake, alipaswa kumwita bibi na kumweleza kama alivyomweleza mwanawe, na kwamba kama wanataka mtu wa kumtoza wamtoze yeye, lakini Yuditha hana hatia na wasimnyang'anye mtoto. Nilisimama na mimi nikasema nilikuwapo siku ile ya utani, nilikuwapo siku ya kifo, na fundi anasema kweli. Mbaruku akaniambia wanawake wangojee kuulizwa.

Kisha akavuta ndevu. Mimi nilimwangalia uso, na naapa yule mzee alikuwa ameelewa. Hakuwa mjinga. Alikuwa ameelewa kila neno, na ndiyo sababu ya yale aliyoyasema.

"Kama maneno ya fundi ni kweli," akasema, "basi aliyemwua mwanetu ni mama aliyemzaa. Nani kati yenu atasimama aseme hivyo mbele yangu?"

Simeo alifungua kinywa, Yuditha akamshika mkono. Wakati ule sikujua alimshikia nini, huruma au adabu. Baadaye nilimwuliza, akasema hakuweza kuvumilia neno lile litamkwe. Wengine wote walitazama mkeka.

"Basi ni fingo," akasema Mbaruku.

Ndivyo lilivyokwisha. Hawakumhukumu Yuditha kwa sababu waliamini ana hatia. Walimhukumu kwa sababu mtu mwingine aliyebaki alikuwa hawezekani. Mgeni hana wa kumlilia, na hatia ikikosa pa kuwekwa hutuliwa kichwani kwake. Nimeishi na hasira hiyo mpaka nimezeeka, na sioni kwa nini niiache.

Asubuhi iliyofuata nilimsindikiza Yuditha stendi ya Korogwe. Gari la Mombo, la kumpeleka kwao milimani, lilikuwa upande mmoja wa barabara, la Handeni upande wa pili. Alikuwa na furushi moja la nguo; Simeo alikuwa amekwenda kukata tiketi. Tangu jana alikuwa amelia mpaka sauti imekwisha, sasa alikuwa anatazama tu ng'ambo ya barabara, ambako Bibi Zamda alikuwa amesimama na Somo mkononi huku Mbaruku akipandisha mizigo. Somo alikuwa anamwita mama yake kwa sauti ya kawaida kabisa, kama vile wanaagana kwenda sokoni. Nilitamani niwe mwanamume mwenye fimbo.

Bibi Zamda akavuka barabara. Mbaruku alimwita, akamwita tena kwa ukali, wala hakugeuka. Alifika mbele yetu akiwa amembeba Somo ubavuni. Usiku mmoja tu ulikuwa umepita tangu baraza, lakini uso wake ulikuwa wa mtu mwingine.

"Mpokee," akamwambia Yuditha.

Yuditha alidhani ni kuagana. Akaupeleka mkono amguse mtoto shavuni, akaurudisha.

"Mpokee mwanao, nimesema. Mimi simwezi." Kisha akapaza sauti, na wauza ndizi wa pale stendi wakageuka, na Mbaruku ng'ambo ya barabara akasimama na kapu mkononi. "Baba yake nilimwua mimi. Nilimchimbulia kwa jembe langu mwenyewe. Huyu mwanamke msimseme."

Yuditha akampokea mtoto haraka, akamlaza kichwa begani, na kwa kiganja akamziba sikio.

"Mama, usiseme hivyo," akamwambia. "Mtoto anasikia."

"Akikua atakuuliza. Utamwambia nini?"

"Nitamwambia baba yake alikufa kwa umeme."

Bibi Zamda alingoja, kama mtu anayejua kwamba kuna neno zaidi na amejiandaa kulipokea. Akauliza kama ni hayo tu. Yuditha akamjibu kwamba ni hayo tu, mama.

Hapo ndipo alipolia. Msibani hakulia, arobaini hakulia, lakini pale stendi aliketi chini kwenye vumbi akamlilia mwanawe kwa jina, kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwa mtu mwingine, nasi tukaketi naye, mimi upande huu na Yuditha na mtoto wake upande ule. Sikuona haya kulia na mimi. Gari la Handeni lilipiga honi mara kadhaa likimngoja, kisha likaondoka bila yeye. Mbaruku alikuwa amekaa dirishani, na ndiye aliyemwambia dereva wasisubiri.